Dakika zilizookolewa ni za nani? Akili unde na kazi za ofisini Nairobi

Swali linaloulizwa kila mahali, kuanzia ndani ya matatu za Ngong Road hadi kwenye mikutano ya wafanyakazi kule Upper Hill, ni kama akili unde itatunyang'anya kazi. Ni swali la haki, ila limebeba mambo mengi mno kwa pamoja, na ndiyo sababu majibu yake hugongana. Huyu atakwambia mwisho umefika. Yule atakwambia hii ni programu tu kama zile za kupiga hesabu. Wote wawili wanaizungumzia kazi kana kwamba ni kitu kimoja. Ukiichunguza kwa karibu utakuta ni fungu la shughuli ndogondogo alizopewa mtu mmoja kwa sababu ilikuwa rahisi kuziweka kwenye deski moja.

Mchukue karani wa madai katika kampuni ya bima za magari. Asubuhi faili inatua mezani: gari limegongwa Mombasa Road. Ndani mna fomu ya madai, abstrakti ya polisi, nakala ya leseni ya dereva, picha za bampa iliyopasuka, ripoti ya mkadiriaji wa hasara na makisio ya gereji. Karani anasoma stakabadhi zote na kuona kama tarehe zinalingana. Anaangalia kama bima ilikuwa hai siku ya ajali. Anamwandikia mkubwa wake muhtasari wa nusu ukurasa, kisha anamwandikia mteja barua ya kudai karatasi iliyokosekana. Anampigia simu mwenye gereji. Anamtuliza mteja ambaye gari ndilo biashara yake na kila siku linapolala gereji anahesabu hasara. Tena kuna jambo ambalo halimo popote katika barua yake ya kazi: akitazama bei ya taa ya mbele ya Toyota Vitz, anajua kama ni bei ya Grogan, kule kwenye maduka ya vipuri, au imepandishwa ili mtu apate chake njiani.

Programu za sasa zinaweza kuzisoma stakabadhi hizo, kutoa muhtasari na kuandaa barua kwa mteja kabla chai haijapoa. Tarehe zinaweza kuzilinganisha, ingawa ni vizuri mtu akahakikisha. Simu kwa mwenye gereji, mteja mwenye hasira na harufu ya udanganyifu kwenye bei ya taa vinabaki kwa karani. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika saa nane za kazi mashine imemrudishia tatu.

Sasa ndipo penye kiini cha jambo lote. Saa tatu hizo ni za nani? Meneja anaweza kumwongezea faili, kazi ikawa nyingi zaidi kwa mshahara uleule. Anaweza kuhesabu kwamba makarani wanne watatosha palipokuwa na sita. Anaweza kumwachia karani muda wa kufuatilia madai yenye shaka, ambayo yanaweza kuigharimu kampuni pesa nyingi kuliko mishahara ya makarani. Au anaweza kumwambia aende nyumbani saa nane mchana. Ofisi ya namna hiyo bado sijaisikia Nairobi. Mashine haina usemi katika uamuzi huo. Unapitishwa na mtu mwenye bajeti mbele yake, na mara nyingi unapitishwa kabla karani hajaambiwa kwamba programu imenunuliwa.

Utafiti uliokuwa na subira ya kuhesabu shughuli badala ya vyeo unaonyesha mambo yanakoelekea. Shirika la Kazi Duniani lilipochapisha uchambuzi wake mwaka 2023, kazi za ukarani ndizo zilizojitokeza waziwazi: asilimia 24 ya shughuli zake ziliwekwa kwenye kundi la kuguswa sana, na nyingine asilimia 58 kwenye kundi la wastani. Fani nyingine hazikukaribia hapo. Na kwa kuwa makarani wengi duniani ni wanawake, sehemu ya ajira za wanawake inayoweza kufanywa na mashine ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya wanaume. Shirika hilo lilisema pia kwamba kazi nyingi zaidi zitabadilika kuliko zitakazofutika, kauli ambayo wanasiasa wameipenda sana. Ni kweli. Lakini kazi inaweza kubadilika ikawa ya watu wanne badala ya sita, na kwa wawili waliotolewa neno "kubadilika" si faraja.

Msomaji atasema Wakenya wengi hawafanyi kazi za ukarani, naye atakuwa sahihi. Ukiacha kilimo kidogo, zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini iko katika sekta ya jua kali. Hakuna programu itakayochoma mahindi pale stejini wala kushona viatu. Hata hivyo, mama anayeuza chapati madondo nyuma ya majengo ya Upper Hill anaishi kwa mishahara ya waliomo ndani ya majengo hayo. Hesabu yake inaanza kubadilika siku ile ghorofa ya sita inapobaki nusu tupu.

Ni vyema kujua mashine hii inafanyaje kazi, maana makosa yake yanatokana na umbo lake. Programu kama ChatGPT, iliyotolewa kwa umma Novemba 30, 2022, ililishwa maandishi mengi kupindukia ikajifunza kukisia neno linalofuata. Ukiandika swali, inakisia neno, kisha lingine, hadi jibu likamilike. Juu ya hapo, watu waliketi wakayapima majibu yake, hili zuri, hili bovu, hili la hatari, na mashine ikarekebishwa kufuata alama zao. Katika ukisiaji huo hakuna hatua ya kuuliza kama jambo ni kweli. Zile zinazopekua intaneti kabla ya kujibu ni afadhali, lakini nazo husoma ukurasa vibaya. Kwa hiyo programu hukosea kwa ufasaha uleule inaopatia nao. Mwaka 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kuleta mahakamani hoja zilizotaja kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. ChatGPT ilikuwa imezitunga, na namba za kesi juu.

Mrudie karani wetu. Programu ikisema bima ilikuwa hai na kumbe ilikwisha siku mbili kabla ya ajali, anayeitwa ofisini ni aliyetia saini. Kazi yake imehama kutoka kuandika kwenda kukagua, na kukagua ni kazi ya aina yake. Kutafuta kosa moja lililojificha katika kurasa kumi zilizonyooka kunachosha kuliko kuziandika. Hili halisemwi vya kutosha. Katika jaribio ambalo taasisi ya METR ya Marekani ililichapisha Julai 2025, waandishi 16 wa programu wenye uzoefu walipewa kazi 246, nyingine wazifanye kwa msaada wa akili unde na nyingine bila. Kabla ya kuanza walitarajia kwamba ingewaharakisha kwa asilimia 24. Walipomaliza waliamini imewaharakisha kwa asilimia 20. Saa ilionyesha kuwa imewachelewesha kwa asilimia 19. Kundi lilikuwa dogo, walikuwa mabingwa wa kazi wanayoijua kwa miaka, na zana zinaboreshwa kila mwezi. Nisingejenga sera ya taifa juu yake. Lakini ningemwekea mezani meneja anayepanga kupunguza watu kwa kuwa wafanyakazi wenyewe wamemwambia kazi imekuwa nyepesi.

Kwa wanaoanza kazi, hali ni tofauti, na hapo ndipo mimi binafsi ninapoona tatizo kubwa kuliko yote. Mwanauchumi Erik Brynjolfsson na wenzake walifuatilia wahudumu wa wateja 5,179 wa kampuni moja waliopewa programu ya kuwapendekezea majibu. Kwa wastani walitatua matatizo ya wateja kwa kasi zaidi, ongezeko la asilimia 14. Lakini wageni na wasio na ujuzi walipanda kwa asilimia 34, ilhali wakongwe walinufaika kidogo mno. Sababu yake ni rahisi: programu ilikuwa imejifunza kutokana na mazungumzo ya wahudumu bora, ikawa inawanong'oneza wageni yale ambayo mkongwe angewafundisha kwa miezi. Wakongwe hao hawakulipwa chochote cha ziada kwa ujuzi wao uliochotwa.

Ukisoma hayo utadhani vijana wamepata bahati. Kisha unakutana na uchambuzi mwingine wa Brynjolfsson huyohuyo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, wa Agosti 2025, uliotumia kumbukumbu za mishahara za Marekani: wenye umri wa miaka 22 hadi 25 katika kazi zinazoguswa zaidi na akili unde walikuwa wameporomoka kiajira kwa asilimia 13 wakilinganishwa na wenzao wa kazi zisizoguswa, huku wakubwa wao wakitulia au hata kuongezeka. Matokeo haya mawili hayapingani. Mgeni mwenye programu akifanya kazi ya wageni wawili, mwajiri anachukua mgeni mmoja. Na mkongwe mwenye programu anaweza kuandaa mwenyewe ile rasimu aliyokuwa akimwachia mwanagenzi.

Nairobi hilo linauma kwa namna yake. Mwanafunzi wa chuo kikuu hapa huingia kazini kupitia atachimenti, halafu uanagenzi wa miezi mitatu au sita, mara nyingi kwa nauli tu. Kazi anazopewa ni zile hasa ambazo mashine inazimudu: kuandika kumbukumbu za mkutano, kupanga data kwenye jedwali, kuandaa rasimu ya barua, kusoma mikataba na kuorodhesha vipengele. Zilikuwa kazi za kuchosha, hakuna aliyezipenda. Lakini kwa kupitia mikataba mia moja ndiyo mwanasheria mchanga alijua mkataba mbovu unafananaje. Karani naye hakuzaliwa na bei ya taa ya Vitz kichwani. Aliipata kwa kusoma makisio ya gereji moja baada ya jingine. Kampuni inayoacha kuchukua wanagenzi inaokoa pesa kidogo mwaka huu. Miaka kumi mbele itatafuta wakaguzi wa kukagua mashine, na haitakuwa imewalea.

Kuna kundi moja la vijana wa jiji hili ambalo halikuhitaji kusubiri. Kwa miaka mingi, katika vyumba vya kupanga vya Roysambu, Kahawa na Juja, maelfu waliishi kwa kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na ripoti za masomo. Uhalali wa kazi ile ni mjadala mwingine, na sitaitetea. Ilikuwa kazi hata hivyo: ililipa kodi, karo za wadogo na kompyuta ya pili ya kumwajiri rafiki. Mwanafunzi wa Uingereza alipoweza kupata rasimu bure kwa nusu dakika, oda zilikauka, bei ya ukurasa ikashuka, na waliobaki wakajikuta wanapewa maandishi ya mashine wayafanye yaonekane ya binadamu. Hapakuwa na notisi, kwa sababu hapakuwa na mwajiri.

Nairobi pia imo upande wa pili, ule wa kuitengeneza mashine. Wale watu niliosema wanapima majibu na kutenga mabaya, baadhi yao walikuwa hapa. Januari 2023 jarida la TIME lilifichua kwamba OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ilikuwa imeipa kampuni ya Sama kandarasi ya kuwapa wafanyakazi wa Kenya maandishi ya ukatili na unyanyasaji wayasome na kuyawekea alama, ili ChatGPT ijifunze kuyakwepa. Wafanyakazi walibaki na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Wengine walikuwa wakichuja picha na video za Facebook, kampuni ya Meta. Mmoja wao, Daniel Motaung, aliishtaki Meta na Sama Mei 2022, na wachujaji wengine zaidi ya 180 wakafuata mwaka uliofuata baada ya kupoteza kazi. Ripoti za kitabibu zilizowasilishwa mahakamani zilionyesha zaidi ya 140 kati yao wakiwa na msongo mkali wa baada ya kiwewe. Meta ilishikilia kwamba haiwezi kushtakiwa hapa. Mahakama ya Rufaa ikalikataa hilo Septemba 2024. Na wale waliokuwa wakiweka alama kupitia jukwaa la Remotasks waliamka Machi 2024 wakakuta limefunga shughuli zake Kenya.

Kwa hiyo anayekwambia akili unde "italeta ajira mpya" hajadanganya. Muulize tu ni ajira ya nani, kwa mkataba wa nani, na inaweza kuzimwa kutoka wapi.

Kuna mabadiliko mengine yasiyomfuta mtu kazi ila yanambadilishia bosi. Madereva wa teksi za programu wanayajua tangu 2015: safari, bei na adhabu huamuliwa na programu, na akaunti ikifungwa, wa kumlalamikia ni fomu nyingine. Sasa jambo hilo linaingia maofisini. Katika vituo vya kupokea simu, zamani msimamizi alisikiliza simu chache kwa wiki na kutoa alama. Leo programu inaweza kuzisikiliza zote, ikapima sauti, ikahesabu ukimya, ikaweka wastani kila jioni. Mhudumu anayempokea mteja wa Githurai aliyelemewa, anayesema "niliskuma doo ikaenda kwa msee mwingine," yaani alituma pesa zikaenda kwa mtu mwingine, huchukua dakika zaidi kumwelewa na kumtuliza. Binadamu angempongeza. Programu iliyofunzwa kwa Kiingereza safi inaona simu ndefu na maneno isiyoyatambua. Sheng, lugha hiyo ya mitaani, bado inaisumbua mashine, na wapo wanaodhani hiyo ni kinga. Mimi nisingeitegemea kinga hiyo kwa mwaka mzima.

Wala uamuzi wa mashine haukuanza na ChatGPT. M-Shwari, huduma ya mikopo kwa simu, ilipoanza Novemba 2012, Wakenya walianza kupewa au kunyimwa mkopo kwa kutazamwa nyendo zao za simu, bila afisa wa benki kufungua faili. Tulizoea haraka. Sasa mantiki ileile inaweza kuchuja maombi ya kazi mia tano yawe ishirini kabla ya mtu yeyote wa idara ya wafanyakazi kuyaona.

Hapo sheria ya Kenya ina meno kuliko watu wengi wanavyodhani. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Ina mianya, ukiwamo wa idhini yako mwenyewe, ile unayoibonyeza bila kusoma. Lakini uamuzi wa namna hiyo ukitolewa, unapaswa kuarifiwa kwa maandishi, na unaweza kudai ufikiriwe upya na binadamu. Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Sheria hiyo inamgusa mfanyakazi kwa upande mwingine pia. Wengi wanatumia akili unde kazini kimyakimya, kwa akaunti zao binafsi, kwa kuwa kampuni haijanunua yake au imeikataza. Karani anayebandika faili nzima ya mteja humo, jina, namba ya kitambulisho, nakala ya leseni na ripoti ya hospitali, ameipeleka data ya mtu nje ya nchi bila idhini yake. Likizuka tatizo, bosi atakayemtetea ni nadra. Ni afadhali ayafute majina na namba kwanza, au adai kanuni ya maandishi kutoka kwa mwajiri.

Kama kampuni imeamua watu wanapunguzwa kwa sababu ya programu, kwa lugha ya sheria huko ni kupunguza wafanyakazi wasiohitajika tena, na kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kina masharti. Notisi ya angalau mwezi mmoja kabla, kwa maandishi, kwa chama cha wafanyakazi au kwa mfanyakazi mwenyewe, na kwa afisa wa leba. Wa kuondoka wachaguliwe kwa kuangalia muda wa utumishi, ujuzi na uaminifu wao. Siku za likizo zilizobaki zilipwe taslimu. Kiinua mgongo kisipungue mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Mwajiri akiruka hatua, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi imekuwa ikiwapa watu fidia. "Tumeleta mfumo mpya" ni sababu inayoweza kukubalika kisheria. Haimwondolei mwajiri hata hatua moja kati ya hizo.

Serikali nayo ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030 mwezi Machi 2025. Mkakati si sheria, na karani hawezi kuupeleka mahakamani. Zile kozi za siku moja kwenye hoteli za Westlands, unazotoka nazo na cheti chenye rangi ya dhahabu, nazo zina faida ndogo kwa bei yake. Mtu anayekaa na kazi yake mwenyewe wiki mbili, akijaribu programu kwenye shughuli anazozijua vizuri, atagundua inapokosea haraka kuliko mkufunzi yeyote.

Ila kujua kuitumia hakujibu lile swali la saa tatu. Mahali pekee nilipoona likijibiwa kwa maandishi ni kwenye meza ya majadiliano. Waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023, wakatoka na mkataba usioruhusu maandishi ya mashine kuhesabiwa kama kazi ya mwandishi, wala studio kumlazimisha mwandishi kuitumia. Hapa kwetu wafanyakazi wa benki na bima wana chama, BIFU, na wana mikataba ya pamoja inayojadiliwa kila baada ya muda. Kipengele cha kumtaka mwajiri atoe taarifa kabla ya kuleta programu, na kueleza muda uliookolewa utakwenda wapi, kinaweza kuingia humo bila Bunge kubadilisha hata sentensi moja.

Tatizo ni kwamba wengi wa wanaoguswa hawamo kwenye mikataba hiyo. Wahudumu wa simu, waweka alama wa data na wanagenzi huajiriwa kwa kandarasi za miezi mitatu, mara nyingi kupitia wakala. Mwezi wa tatu ukiisha na karatasi mpya isiletwe, kisheria hakuna aliyefutwa, kwa hiyo hakuna notisi, hakuna kiinua mgongo, na hakuna anayelazimika kueleza kama kazi ile sasa inafanywa na mashine.